Mtoto wa Jirani Nyuma ya Kaunta
(Hotuba ya dawati la ajira kwa vijana katika maadhimisho ya hekalu letu)



Tumepewa dakika chache kueleza kazi ya dawati la ajira, ile meza inayowekwa kila Jumamosi katika ukumbi wa chini, karibu na mahali pa kuvulia viatu. Wengi wenu huipita haraka mkidhani ni meza ya michango.

Kwanza tukiri jambo. Tulipoanza, dawati liliwahudumia watoto wetu wenyewe, na kwa kweli hao hawakulihitaji sana. Kijana wa nyumba zetu akimaliza shule, mjomba wake ana duka, baba yake mdogo ana ghala. Hupewa stuli nyuma ya kaunta. Hutazama, hukosea, hukaripiwa, hatimaye hujua. Hivyo ndivyo biashara ilivyorithishwa tangu wazee wetu walipofika pwani hii kutoka Gujarat na Kutch, na maneno kama hundi na laki yakaingia katika Kiswahili kwa kuvuka kaunta hizo hizo. Elimu ile haikuwa na cheti. Ilikuwa na mtu wa kumwonyesha mwanafunzi.

Mtoto wa jirani hana kaunta hiyo. Wanaokuja mezani sasa ni wahitimu wa VETA na wa vyuo vikuu, na matangazo wanayoyajibu yanadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Huuliza, kwa adabu, uzoefu huo utapatikana wapi ikiwa hakuna anayekubali kuwa mwajiri wa kwanza. Hatukuwa na jibu. Tuliwafundisha kuandika wasifu na kujieleza katika usaili. Tukawaelekeza kwenye huduma za ajira za serikali. Fundi aliyejifunza umeme kwa kaka yake tulimpeleka VETA, ambako ujuzi uliopatikana nje ya darasa hupimwa na kurasimishwa kwa cheti. Yote hayo yanasaidia, lakini hayatoshi.

Tulikosea pia, na kosa hili tunalitaja hadharani kwa kuwa linaweza kumpata yeyote. Binti mmoja, mhitimu wa uhasibu, alipewa na mmoja wetu namba ya simu ya dalali wa ajira. Akatozwa ada ya usajili, kisha ada ya vipimo vya afya, kisha simu ikazimwa. Mama yake alikuwa ameuza cherehani. Tulichanga tukairudisha fedha ile. Cherehani ilikuwa imekwisha kwenda. Tangu siku hiyo kila anayeketi mezani huambiwa kwanza kwamba kazi hainunuliwi. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi huo huo: wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi, waziwazi wala kwa kuzunguka.

Sasa tunawageukia ninyi wenye maduka, gereji, viwanda na ofisi. Mmetuambia mara nyingi: “Nitamwachiaje droo ya fedha kijana ambaye simjui baba yake?” Hofu hiyo tunaijua, maana ni yetu pia. Lakini hata mpwa wako hukumwachia droo siku ya kwanza. Alishika fagio, akahesabu mzigo stoo, akaandika risiti ukimwangalia. Mpe mtoto wa jirani ngazi hizo hizo. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa rangi, kabila au dini, na katazo hilo linaanzia pale tunapochagua nani wa kumwajiri. Tusisubiri kukumbushwa na mkaguzi wa kazi.

Tunaomba kila biashara imchukue kijana mmoja kwa miezi mitatu, kwa makubaliano ya maandishi, posho isiyopungua nauli na chakula cha mchana, na barua ya kweli mwishoni inayotaja alichojifunza. Mwanagenzi si kibarua wa bure. Anayetafuta mtu wa kupakua malori bila malipo asije mezani kwetu.

Diwali inakaribia, nasi tutafungua vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi, kama walivyofanya wazee wetu. Tunaomba ukurasa wa kwanza wa kila kitabu uwe na jina la mwanagenzi mmoja asiye wa ukoo wako.

Vijana, wa hekalu na wa mtaani, njooni Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, mkiwa na nakala za vyeti na namba ya NIDA. Hakuna malipo, wala haulizwi mtu anaabudu wapi. Daftari letu lina safu mbili. Ya vijana imejaa hadi ukurasa wa pili. Ya wenye biashara ingali na nafasi, na kalamu ipo mezani jioni hii.