Mkunga Mpya katika Wodi ya Uzazi

Kijana aliyekwisha kuhitimu masomo ya uuguzi na ukunga, akaandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania hata akapewa leseni, asidhani kwamba elimu imekoma mlangoni mwa wodi ya uzazi. La, hapo ndipo ianzapo. Huko atakabidhiwa patografu, karatasi ambayo wengi huiona kuwa ni adha ya maandishi, nami naiona ni amana, kwa kuwa humo huandikwa kufunguka kwa mlango wa kizazi, nguvu za uchungu, na mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo husikilizwa kila nusu saa, na kwa kawaida huwa baina ya 110 na 160 kwa dakika. Yakishuka au yakizidi hapo, na amwite mkunga mkuu au daktari papo hapo, wala asione haya. Mtoto akiisha kuzaliwa, na ikahakikishwa kwamba hakuna mwingine tumboni, mama hudungwa oksitosini yuniti 10 ili kizazi kijikaze, kwani damu ikizidi mililita 500 huhesabiwa kuwa ni hatari. Ama ulimi nao una kazi yake: mzazi huambiwa, “Pole mama, pumua,” hata akiwa mdogo kwa umri kuliko mkunga.