Mgonjwa Si Rehani



Maadili ya tiba yakitajwa katika ukumbi kama huu, mara nyingi tunakimbilia upandikizaji wa figo, jeni na mashine za kupumulia. Ni mambo mazito, nayo yana siku yake. Jioni hii nawaomba tusimame getini pa hospitali, alipo mgonjwa aliyepona, daktari ameshamwandikia ruhusa, lakini mlinzi hamfungulii kwa kuwa hajamaliza kulipa.

Septemba 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa ajili ya deni. Mmoja wao alilazwa sakafuni, karibu na choo kilichokuwa kikifurika. Jaji Mumbi Ngugi aliona kwamba kuwazuilia hakukuwa na msingi wowote wa kisheria, na kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya utu inayolindwa na kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010. Waliamriwa walipwe fidia. Hata kabla ya hapo, mwaka 1998, Mahakama Kuu ya Mombasa ilishasema kwamba maiti si mali ya mtu, hivyo hospitali haiwezi kuishikilia kama dhamana ya deni. Sheria, basi, ilinena mapema. Mazoea ndiyo yaliyogoma.

Sitaki kuwaonea wasimamizi wa hospitali. Oksijeni hainunuliwi kwa huruma, na muuguzi wa zamu ya usiku ana karo ya watoto. Anayeweza kulipa akatoroka humpunja mgonjwa anayemfuata, na hilo nalo ni dhuluma.

Lakini tazameni jinsi kuzuilia kunavyofanya kazi. Kila siku gharama ya kitanda huongezwa kwenye bili. Aliyezuiliwa alikuwa auze mboga au atafute kibarua. Sasa ameketi wadini, deni likipanda, na mgonjwa mwingine akikosa kitanda hicho. Mochwari ni vivyo hivyo: siku zinahesabiwa, jamaa wanachangisha, mbuzi anauzwa, kisha kipande cha shamba. Kinachowasukuma kulipa ni aibu na uchungu wao. Mwili wa mpendwa wao umegeuzwa chombo cha kuwabana, na hapo ndipo utu unapovunjwa, hata kama kila shilingi inadaiwa kihalali.

Mzigo wa gharama hizi ni wa serikali kwanza. Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Mwaka 2013 Kenya iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, ikaonyesha kwamba penye nia ada huondoka. Deni linalobaki lidaiwe kama madeni mengine: kwa mapatano, kwa malipo ya awamu, au mahakamani.

Na ninyi madaktari wa kesho, msiseme hayo ni mambo ya wahasibu. Mgonjwa akizuiliwa baada ya sahihi yako, bado ni mgonjwa wako. Andika katika faili lake, kwa tarehe na saa, kwamba hakuna sababu ya kitabibu ya kumweka. Siku wakili wake atakapoliomba faili hilo, maneno hayo yawe yamo.