Patenti ya Ardhi Haifuti Deni: Mada kwa Wanunuzi wa Nyumba Marekani

Wengi wetu tuliokulia Tanzania tunaijua ardhi kwa karatasi moja: hati yenye jina la mmiliki, namba ya kiwanja na muhuri wa serikali. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na hati humpa mtu haki ya kuimiliki kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Mwenye mazoea hayo akinunua nyumba Marekani huuliza kwanza: hati yangu iko wapi? Hapo ndipo wajanja humnasa. Humwambia kwamba hati halisi ni patenti ya ardhi, na kwamba akiiandikisha kwa jina lake benki haitamgusa wala hatalipa tena kodi ya nyumba.

Huo ni uongo, na ni uongo wa siku nyingi.

Patenti ni hati ambayo Serikali Kuu ya Marekani ilitoa pale ardhi yake ilipohamia kwa mtu binafsi, jimbo au kampuni ya reli kwa mara ya kwanza. Sheria ya 1785 iliagiza ardhi ipimwe kabla ya kuuzwa, na upimaji ukaanzia mashariki mwa Ohio. Patenti zilisainiwa na Rais mwenyewe hadi 1833, zilipomlemea, Bunge likaruhusu katibu asaini kwa niaba yake. Sheria ya Makazi ya 1862, ya enzi za Abraham Lincoln, iliwapa walowezi hadi ekari 160 kwa ada ndogo, mradi waishi na kulima hapo miaka 5. Kumbukumbu za patenti leo zinatunzwa na Idara ya Usimamizi wa Ardhi, na nakala zake huonekana bure mtandaoni. Anayekutoza mamia ya dola akutafutie anakuibia mchana kweupe. Tena si kila mahali zipo: majimbo 13 ya mwanzo hayakuwa ardhi ya Serikali Kuu, na Texas ilitoa patenti zake yenyewe.

Madai ya kwamba patenti ni kinga yalishamiri miaka ya 1980, riba zilipopanda na bei za mazao kushuka, wakulima wakanyang'anywa mashamba kwa madeni. Baadhi yao walijiandikia patenti na kuzisajili kaunti. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, yenye makao Chicago, ilitupa dai la namna hiyo kutoka Indiana: mtu hawezi kujipa patenti mwenyewe. Mahakama nyingine zimesema hivyohivyo mara nyingi.

Hoja ya mahakama ni rahisi. Aliyepewa patenti aliuza ardhi, aliyenunua akauza, mpaka ikakufikia wewe. Ulipochukua mkopo uliiweka rehani milki hiyohiyo kwa saini yako. Kodi nayo inatozwa na kaunti na jimbo, na patenti ya mtu wa 1870 haikumwondolea hata yeye.

Hata hivyo, anayenunua shamba magharibi mwa nchi aisome patenti ya hapo. Zilizotolewa chini ya sheria ya 1916 ya wafugaji zilibakiza madini yote kwa Serikali Kuu. Unaweza kumiliki malisho, mwingine akaja kuchimba chini yake.

Kwa nyumba ya mjini, kinachokulinda ni mlolongo wa hati za mauziano uliosajiliwa masjala ya kaunti, au ya mji katika majimbo machache. Usajili huo ndio wa kuhangaikia, kuliko karatasi iliyo kabatini. Kampuni ya hati huuchunguza mlolongo huo, kisha hutoa bima. Na hapa ndipo wengi hukosea bila kudanganywa na mtu: bima ambayo benki inakulazimisha kulipia huilinda benki peke yake. Mwenye dai la zamani juu ya nyumba akijitokeza, fedha ulizokwisha kulipa hazimo katika bima hiyo. Siku ya kusaini, uliza kama kwenye makaratasi kuna bima ya mwenye nyumba. Kama haimo, iombe kabla hujashika kalamu.