Rubani aliyekubali kusaidiwa



Huku kwetu, pale ambapo barabara imekatika, ni ndege inayoleta dawa na kupeleka wagonjwa. Tukiipanda tunafunga mkanda, tunasali kimoyomoyo, na tunawaachia wale wa mbele maisha yetu. Lakini wao wanafanya nini siku usukani unapokataa kuwasikia?

Tarehe 19 Julai 1989, ndege kubwa ya kampuni ya United ilitoka Denver kwenda Chicago, huko Marekani. Ndani walikuwamo watu 296. Ilikuwa na moteri tatu, moja chini ya kila bawa, na ya tatu mkiani. Ilipokwisha kuruka kwa zaidi ya saa moja, ile ya mkiani ikapasuka. Vipande vyake vikakata mirija ya yale mafuta yanayosukumwa kwa nguvu ili sehemu za mabawa na mkia zipate kugeuka. Mirija hiyo ilikuwa ya mafungu matatu, ili fungu moja likiharibika, mengine yasaidie. Yote matatu yaliishiwa mafuta. Usukani ulibaki mkononi kama fimbo tu.

Kapiteni aliitwa Al Haynes, mtu wa miaka 57, aliyekwisha kuruka saa karibu 30,000. Alikuwa pamoja na William Records na Dudley Dvorak. Walitafuta msaada katika vitabu vya kazi yao, wasiupate, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba jambo kama hilo litatokea.

Sasa, kati ya abiria alikuwamo Denny Fitch, mwalimu wa marubani wa ndege za namna ile. Alituma neno mbele: kama naweza kusaidia, niko hapa. Haynes angeweza kujibu kwamba kapiteni ni yeye. Hakujibu hivyo. Alimwita, akampa kushika mikono ya moteri mbili zilizobaki. Fitch akawa anaongeza nguvu upande huu na kuipunguza upande ule, na ndege ikageuka polepole. Ilitaka kwenda kuume siku zote, na ilipanda na kushuka kama mtumbwi katika mawimbi. Watu wanne walikuwa wakifanya kazi moja, kila mmoja akisema anachoona.

Dakika 44 baada ya moteri kupasuka, walifika uwanja wa Sioux City. Mbio ilikuwa kubwa mno. Bawa la kuume liligonga chini, ndege ikavunjika na kuwaka moto. Tusifichane: watu 112 walikufa, na jamaa zao waliwalilia. Lakini 184 walipona. Baadaye marubani wengine walijaribu jambo lile katika mashine ya mazoezi, wakashindwa kuishusha ndege salama.

Haynes aliipata wapi roho ile ya kusikiliza? Mwenyewe alisema walikuwa wamefundishwa. Na mafundisho hayo yalitoka katika msiba. Desemba 1978, ndege ya kampuni ileile ilizunguka juu ya mji wa Portland kwa sababu magurudumu yalileta mashaka. Mawazo ya kapiteni yote yalikuwa kwenye magurudumu. Wenzake waliona mafuta ya moteri yanapungua, wakasema, lakini si kwa nguvu ya kumshtua. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, watu 10 wakafa. Ndipo kampuni ilianza kuwafundisha marubani wake: mdogo aseme wazi, mkubwa asikilize.

Wapendwa, na sisi tuna ndege zetu. Baba amepoteza kazi, deni linakua, na mama hajui lolote mpaka siku wenye deni wanapogonga mlango. Mkubwa wa shirika anaweka feza na daftari kwake peke yake, na anayeuliza anaitwa mchochezi. Kijana anaona mafuta yanakwisha, lakini ananyamaza kwa kuogopa wazee. Sisi wenyewe katika radio hii tumewahi kukataa shauri zuri kwa sababu lilitoka kwa aliye mdogo.

Haynes alibaki kapiteni mpaka mwisho. Kumwita Fitch hakukumvua ukubwa wake.

Basi juma hili, wewe unayeongoza, uliza nyumbani mwako au katika shirika lako: mnaona nini ambacho mimi sioni? Kisha nyamaza, usikie. Na wewe unayeona, sema kwa heshima, lakini sema mpaka usikiwe.

Tusikilizane tena juma lijalo. Amani ikae nanyi.