Faili Nalo Livuke Mpaka: Ushirikiano wa Wadhibiti katika Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Mwishoni mwa Julai 2023 watu walijipanga foleni ndefu katika viwanja vya KICC jijini Nairobi wakisubiri kupigwa picha ya mboni za macho na kifaa cha mviringo cha mradi wa Worldcoin. Ujira wao ulikuwa sarafu 25 za kidijitali, zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti. Kufikia siku hiyo, mamlaka ya ulinzi wa data ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, ilikuwa ikiuchunguza mradi huohuo tangu mwishoni mwa 2022, kwa sababu ofisi ya Ulaya ya kampuni inayouendesha iko Erlangen. Ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya nayo ilikwisha kuisajili kampuni hiyo, kisha Mei 2023 ikaiagiza iache kukusanya data za macho. Ofisi mbili zilikuwa zinaihoji kampuni moja kuhusu kifaa kimoja, na hakuna sheria iliyoilazimu mojawapo kumfungulia mwenzake faili. Mada hii inashikilia hoja moja: ushirikiano wa kimataifa wenye faida kwa mwananchi ni ule unaoruhusu faili la uchunguzi kuvuka mpaka wakati uchunguzi ungali moto. Makongamano na maazimio yana heshima yake, ila hayajawahi kumzuia mtu yeyote kukusanya picha za mboni.

Ndani ya Umoja wa Ulaya mambo yamepangwa vingine. Kanuni yake ya ulinzi wa data, GDPR, inampa mdhibiti mmoja uongozi wa shauri, inawataka wenzake wapewe taarifa, na inaacha mlango wa dharura kwa nchi inayoona raia wake wanaumia sasa hivi. Machi 2024 Hispania iliutumia mlango huo kuusimamisha mradi kwa miezi mitatu ingawa faili lilikuwa Bavaria, na Ureno ikatoa katazo lake la siku 90 mwezi huohuo. Kwa nchi zilizo nje ya Umoja, kanuni hiyohiyo ina kifungu cha 50, ambacho kinahimiza tu kuandaliwa kwa mbinu za ushirikiano. Kenya ilibaki na mahakama zake. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka tarehe 5 Mei 2025, ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba chini ya uangalizi wa Kamishna. Ni hukumu nzuri, lakini ilikuja karibu miaka miwili baada ya foleni kutawanyika.

Mfano wa faili lililovuka mpaka upo, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Julai 2015 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Ashley Madison, inayowakutanisha watu walio katika ndoa na wapenzi wa nje, wakamwaga hadharani taarifa za akaunti zipatazo milioni 36. Kampuni ilikuwa Toronto. Wateja walikuwa kila mahali. Kamishna wa Kanada na mwenzake wa Australia walichunguza pamoja, wakitumia mpango wa ushirikiano wa nchi za APEC, za Asia na Pasifiki, wa mwaka 2010, na Agosti 2016 wakatoa ripoti moja. Humo tunasoma kwamba nembo ya tuzo ya usalama iliyopamba ukurasa wa mbele ilibuniwa na kampuni yenyewe, na kwamba mteja wa Kanada aliyelipa dola 19 ili afutwe kabisa aliendelea kuhifadhiwa kwa miezi kadhaa. Marekani, yenye sheria ya mwaka 2006 inayoiruhusu Tume yake ya Biashara kubadilishana nyaraka za uchunguzi na wadhibiti wa nje, ilifunga shauri lake Desemba 2016 kwa malipo ya dola milioni 1.6. Sheria za nchi hizo tatu hazifanani. Kilichofanana ni ruhusa iliyoandikwa mapema ya kupeana ushahidi, kila mmoja akabaki na mamlaka ya kuhukumu kwa sheria ya kwao.

Hapo pingamizi la kwanza, la uhuru wa kitaifa, linapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, maana hakuna aliyekabidhi hukumu kwa jirani. Pingamizi zito zaidi linatokana na shauri la Clearview AI, kampuni ya kutambua nyuso kwa picha za watu. Uingereza na Australia ziliichunguza kampuni hiyo kwa pamoja, Uingereza ikaitoza faini ya zaidi ya pauni milioni 7.5 mwaka 2022, na mwaka uliofuata baraza la rufaa likaitengua kwa hoja ya mipaka ya mamlaka. Ilibidi kungoja rufaa ya juu ya mwaka 2025 ili mdhibiti apate ushindi. Kweli, uchunguzi wa pamoja hauhakikishi kwamba faini italipwa. Lakini kilichokwama pale ni adhabu. Ukweli wa jinsi picha za watu zilivyokusanywa ulikwisha kupatikana, na mdhibiti mwingine yeyote angeweza kuutumia. Pingamizi la tatu ndilo linalonitia wasiwasi hasa: mdhibiti asiye huru anaweza kuligeuza faili la wenzake kuwa chombo cha upelelezi. Dawa yake ni masharti. Zivuke nyaraka za kampuni, maswali na majibu yake, na ripoti za kiufundi, lakini majina na namba za waathirika zibaki nyumbani.

Kwetu Afrika, Mkataba wa Malabo, wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, ulipitishwa Juni 2014 ukaanza kutumika Juni 2023, baada ya nchi ya 15 kuuridhia. Rwanda ilikuwamo katika hizo 15. Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwamo. Wakati huohuo programu za mikopo ya simu hazikusubiri. Septemba 2023 Kamishna wa Kenya alimtoza mmoja wa wakopeshaji hao faini ya karibu shilingi milioni tatu kwa kutumia namba za ndugu na marafiki wa wakopaji, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zinazofanya kazi bila leseni. Mkopeshaji anayefungiwa upande mmoja wa mpaka wa Namanga anaweza kujisajili upande wa pili kwa jina jipya, na ofisi ya huko ikaanza kumchunguza kutoka sifuri.

Ndugu washiriki, kila hati ya makubaliano itakayowekwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania na ofisi wenza za Kenya, Uganda na Rwanda isomwe kwa swali hili: je, afisa mchunguzi wa Dodoma anaweza kumwandikia mwenzake wa Nairobi Jumatatu na kupata nyaraka kabla ya Ijumaa? Kama haiwezekani, tuirudishe kwa wanasheria kabla ya kuitia saini.