Diwani Hupitia Mlango wa Chama

Tuitazame kata.

Mkazi wa Rulenge wilayani Ngara, au wa Nyakanazi kule Biharamulo, akiutaka udiwani, haanzii kwa wapiga kura. Anaanzia chamani. Sheria ya Tanzania haimtambui mgombea binafsi. Sharti adhaminiwe na chama.

Hili linamhusu vipi mama muuza ndizi? Diwani ndiye anayeketi barazani halmashauri inapopitisha bajeti ya zahanati, ushuru wa mazao, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Sasa tupime. Wanaoutetea utaratibu huu husema chama humchuja mgombea, humpa ilani, na akivurunda kuna wa kuulizwa.

Wapinzani wao hujibu kwamba mchujo wa wachache huwafungia wengi. Mchungaji Christopher Mtikila aliipeleka hoja hiyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, akashinda Juni 2013. Sharti likabaki palepale. Mwaka 2025 chama cha upinzani CHADEMA hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, kikazuiwa kushiriki, na wanachama wake wakakosa tiketi yake katika uchaguzi wa Oktoba 29.

Tuongeze hili: sheria ya uchaguzi ya 2024 ilifuta kupita bila kupingwa. Mgombea akiwa peke yake, hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Lakini hata huyo hutoka chamani.

Swali, basi: anayeaminiwa na kata nzima lakini hana kadi ya chama, kata hiyo imchague kwa njia ipi?