Koki za Maji Yenye Mchanga
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Kisumu)



Sisi wa reli mchanga twaujua. Injini ikipanda kutoka Muhoroni kwenda Londiani humwaga mchanga mbele ya magurudumu yasiteleze, na ukiwa umelowa hauteremki hata upige kisanduku kwa nyundo. Lakini leo twasema habari ya mchanga uliomo ndani ya maji, maana huo ndio uliotuletea kesi.

Maji hutoka ziwani. Wakati wa mvua mto Nyando huleta udongo wa milimani na wa Kano mpaka Ghuba ya Winam, na pampu haichagui. Koki ya lango haidumu katika bomba la namna hiyo. Chini ya lango pana mfereji. Mchanga hujaa humo, lango lisifike chini. Kuiacha nusu wazi ili kupunguza maji ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa maji hupita kwa kasi penye upenyo mwembamba. Kasi ikizidi mara mbili, chuma huliwa mara nne au hata nane.

Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara wa siku tatu kwa sababu karakana ilifurika usiku. Aliambiwa hakufunga koki. Tulipoifungua tulikuta lango limeliwa kama gunzi la hindi. Alikuwa amefunga, tena kwa nguvu zake zote.

Inayofaa hapo ni koki ya kubana. Ndani yake mna bomba la mpira linalobanwa kutoka nje. Punje hugonga mpira ikaruka. Ikikwama, mpira huifunika, na maji hayapiti. Ukichakaa hubadilishwa mpira tu. Ila mafuta na moto huuharibu, basi msiifunge penye majivu ya moto ya boila. Huko hutakiwa chuma kigumu. Penye tope zito iko koki ya kisu, ambayo bamba lake hulikata tope. Koki ya tufe tuiache kwa maji safi, maana mchanga huchora kiti chake.

Bwana wa stoo atasema ni ghali. Yeye hanyanyuki saa nane za usiku kuizungusha.

Chama kimeandika barua: siku tatu zirudishwe, na fundi aulizwe kabla koki hazijaagizwa. Jibu bado. Kila mwenye koki isiyofunga aandike bomba gani na tangu tarehe gani, ampe katibu wa tawi kabla ya Ijumaa.